Nimeichambua pikapu ya marehemu baba, sasa nimekwama

Shikamoo Fundi,

Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Mbagala Kizuiani na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kuandika hesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, kwa hiyo spana nimezishika kwa kumsaidia baba tu. Baba alifariki mwaka jana. Pamoja na mengine alituachia Toyota Hilux ya mwaka 1986, kabini moja, dizeli, ile yenye siti ndefu ya benchi. Gari hilo ndilo lililotusomesha. Alibebea mihogo na nanasi kutoka Mkuranga, saruji, vyombo vya maharusi, na usiku akigongewa mlango alipeleka wagonjwa wa mtaani hospitali.

Injini iko vizuri. Kulikochoka ni ndani. Siti imebonyea upande wa dereva mpaka springi zinachoma, dashibodi ina nyufa tatu, dari inaning'inia na kapeti lilikuwa linanuka. Nilitazama video za watu wanaotengeneza wenyewe magari ya zamani, nikajiona naweza. Mwezi wa 7, Jumamosi moja, nikang'oa kila kitu kuanzia asubuhi hadi magharibi. Skrubu zote nilizitia kwenye ndoo moja ya rangi.

Matatizo yakaanza hapo. Chini ya kapeti upande wa abiria sakafu imeliwa na kutu. Niligusa kwa bisibisi ikapenya, nikauona udongo wa uani. Fundi bodi wa jirani akaniambia nisihangaike, atakata bati la kuezekea alichomelee juu, kapeti litafunika. Sikumpa jibu. Nikanunua sponji ya godoro nikaikata mwenyewe, nikaikalia wiki moja, imeshalala. Dari niliibandika kitambaa kwa gundi ya makochi; siku ya tatu jua lilipowaka kikadondoka chote. Nimeshatumia shilingi 380,000 na gari ni ganda. Siti iko sebuleni kwangu. Mke wangu amenyamaza, na yeye akinyamaza ndipo amekasirika kweli.

Kwa upande wa familia, dada yangu mkubwa anauliza nani aliniruhusu kuchambua mali ya mirathi. Anataka liuzwe lilivyo. Mdogo wangu yeye anataka tushone reksini nyekundu yenye mishono ya almasi kama magari ya siku hizi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Nilipofungua kava la siti nilikuta baba aliwahi kuizungushia sponji kipande cha kanga ya mama. Maandishi yamefutika, zimebaki herufi mbili tatu. Nilikitia kwenye kiroba cha takataka pamoja na sponji iliyooza. Mama alikiona, akakitoa, akakikunja, akaingia ndani bila kusema neno. Tangu siku hiyo hajatoka kuliangalia gari.

Niendelee au niwaachie wauze? Na kama ni kuendelea, nianzie wapi? Vuli inakaribia na gari liko uani, halina hata kivuli.

Mwanao, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kumpoteza mzee.

Usiuze kwanza. Na usinunue kitu kingine chochote cha kulipamba mwezi huu, hata nusu mita ya reksini. Umeanza kulipamba gari ambalo bado linaingiza maji, ndiyo maana fedha yako haionekani. Nimeshona siti tangu ujana wangu, nilianzia kwenye makochi pale Keko kabla sijahamia kwenye magari, na kila lilipoletwa gari linalonuka nilimuuliza mwenyewe kabla sijashika mkasi: maji yanaingilia wapi? Wengi hawakujua. Nilishona, wakalipa, na baada ya mvua za mwaka mmoja wakarudi na siti ileile imeoza upya. Kazi yangu nzuri ililiwa na tundu ambalo hakuna aliyelitafuta.

Kwako sakafu imeoza kushoto, kwa abiria. Basi tutafute kushoto.

Anza na mlango. Watu wanadhani mlango mzima haupitishi maji. Mlango wowote wa gari unapitisha maji, na umeundwa hivyo. Mvua ikipiga kioo, maji yanateremka nacho hadi tumboni mwa mlango, kisha yanatokea chini kupitia vitundu vidogo kwenye ukingo. Kati ya chuma na paneli, ule ubao wa ndani wa mlango, kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kuzunguka, na ncha yake ya chini inaingia ndani ya mlango ili maji yarudi humohumo. Nailoni hiyo ndiyo ya kwanza kuchanwa na fundi anayetengeneza kitasa au kioo, na kwa kawaida hairudishi, kwa sababu paneli ikishafungwa hakuna atakayejua. Ongeza miaka ya vumbi la Mkuranga lililoziba vile vitundu, mlango umeshakuwa ndoo. Ikijaa inamwagikia kwenye kapeti. Chukua kipande cha waya uvichokonoe vitundu vyote hadi uone udongo mweusi unatoka. Kisha kata nailoni nzito, ile inayotandikwa chini ya zege, ukiifuatisha paneli, na uibandike kwa utepe mzito unaonata kama ulimbo, ule unaotumika kuzibia paa. Kazi hiyo ni ya saa mbili, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote nitakazokutajia.

Halafu raba ya kioo cha mbele. Ikikakamaa kwa jua hujikunja pembeni, na maji hupita chini yake yakafuata nyuma ya dashibodi hadi miguuni, wewe usione tone. Usiizibe kwa silikoni ile inayonuka siki. Siki hiyo ni asidi na inachochea kutu kwenye chuma kilicho wazi, na baadaye rangi haishiki hapo. Raba mpya utaipata Kariakoo au Gerezani. Nenda na kipande cha raba ya zamani mkononi na namba ya chasi umeiandika. Umbo la Hilux yako lilitoka mwaka 1983, na mwaka 1988 likaja jingine, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya umbo la baadaye kwa maneno kwamba inaingia tu. Ukinunua kitu cha mtumba dai risiti, hata kama ni kitasa. Vitu vingine huko vimeibwa kwenye magari ya watu waliolala.

Angalia pia mfereji ulio chini ya wipa. Majani ya mwembe yakijaa humo, maji hayana pa kwenda ila kabini.

Na kuna hita, ile ya kupasha kabini joto. Hapa Dar hakuna anayeiwasha, basi inasahaulika, lakini maji ya injini yanaifikia, na iko upande huohuo wa abiria. Utasoma mahali kwamba ikivuja utanusa harufu tamu. Hiyo ni kwa gari linalotiwa maji maalumu ya rejeta. Kama mzee alitia maji ya bomba miaka yote, hutanusa kitu. Tafuta doa la rangi ya kutu chini ya boksi lake, na uangalie kama rejeta inapungua bila kuvuja nje. Ikiwa ndiyo, injini ikiwa imepoa kabisa, ondoa mipira miwili inayoingia kabini na uiunganishe upande wa injini. Hita hutaihitaji Mbagala.

Ili ujue ni ipi kati ya hizo, mpe mdogo wako tochi akae ndani kwenye sakafu kavu, iliyotandikwa magazeti. Wewe chukua mpira wa maji, ufungulie kidogo, siyo kwa presha. Anza chini ya mlango, dakika tano. Panda kwenye kioo cha mlango, dakika tano. Kisha mfereji wa wipa, kisha kioo cha mbele, kona moja moja. Ukianzia juu maji yatashuka kila mahali na hutajua kitu. Gazeti litakaloloa kwanza ndilo litakalokuonyesha.

Sasa sakafu. Ulifanya vizuri kutompa jibu yule fundi. Bati la kuezekea limepakwa zinki, na likichomelewa linatoa moshi mweupe unaompa mchomeleaji homa na baridi usiku uleule. Pia kubandika bati juu ya kutu ni kuitunzia kutu nyumba. Chuma kilichooza kikatwe hadi pale bisibisi inapogonga na kulia, si kuzama. Kipande kipya kiwe bati jeusi, lisilopakwa zinki, la unene wa milimita 1 hivi, kichomelewe kwa gesi au kwa mashine ya waya. Vijiti vya kuchomelea mageti vinatoboa bati jembamba la gari. Hii si kazi ya kujifunzia, mlipe fundi bodi mwingine aliye makini. Wewe kaa pembeni na ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto, betri ikiwa imetolewa kabisa, na mkiwa mmeshainama chini ya gari kuona mabomba ya breki na ya dizeli yamepita wapi. Kama kutu imefika kwenye mashina ya mikanda au miguu ya siti, mwambie apaimarishe kuliko kwingine kote. Hapo ndipo mtu anaposhikwa siku ya ajali. Chuma kikipoa, kikwanguliwe, kipigwe praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Bati jeusi lililolala uchi usiku mmoja asubuhi limeshabadilika rangi.

Kabla kapeti halijarudi, pitia waya. Gari la miaka hii lina viungo vya kuzungushia tepu, na mara nyingi fyuzi iliyoungua iliwekewa waya au karatasi ya sigara. Rudisha fyuzi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko cha boksi lake. Nimeona kabini ikiteketea kwa sababu ya kipande cha waya wa redio.

Hapa nigeukie nyumbani kwenu, maana dada yako ana haki ya kuuliza. Kadi ya gari naamini bado ina jina la marehemu. Bila msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hakuna kati yenu anayeweza kuliuza kihalali wala kubadilisha jina TRA, Mamlaka ya Mapato, si wewe si yeye. Kwa hiyo ugomvi wa kuuza au kutouza umetangulia muda wake. Itisha kikao, mama awepo, na uende na daftari lenye kila senti uliyotumia, hata ya sponji iliyolala. Wewe ni mtu wa hesabu, hilo halitakushinda. Waeleze kuna kazi za namna mbili. Kuzuia maji, kukata kutu na kutengeneza waya ni kuokoa mali ya wote, maana hata mkiliuza litauzika vizuri zaidi. Hizo omba ruhusa uendelee nazo. Siti, dari na rangi ni mapambo, zisubiri mpaka mmekubaliana gari ni la nani. Na umwombe dada yako radhi kwa kuanza bila kumwambia. Usijitetee kwamba nia ilikuwa njema. Anajua nia ilikuwa njema. Kilichomuuma ni kukuta gari la baba yake liko vipande.

Siti iondoke sebuleni kabla ya Ijumaa. Iweke bandani au kwa jirani, juu ya mbao. Mke wako amevumilia vya kutosha.

Mkishakubaliana libaki, ndipo uje kwenye siti, na hapo nina mengi. Lile kava la zamani hukulitupa, natumaini. Ndiyo ramani yako. Fumua mishono kwa wembe, usikate, na kila kipande ukiandike namba na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Vikiwa bapa mezani utavitumia kama kielelezo, ukiongeza upana wa mshono. Sponji ya godoro haifai, imetengenezwa kwa mtu aliyelala, uzito umetawanyika. Mtu aliyekaa anakandamiza sehemu moja. Nenda Keko kwa wauza sponji, uombe ile ngumu ya kukalia. Ikandamize kwa goti lako mbele ya muuzaji. Goti likifika chini, iache. Na kati ya springi na sponji lazima kuwe na gunia la katani lililofungwa kwa uzi kwenye waya za springi. Bila gunia, springi zinaikata sponji kama mwiko unavyokata ugali, kidogo kidogo kila tuta la barabara. Nakisia gunia la zamani liliisha kitambo, na baba yako alijua kinachotakiwa hapo. Ndiyo maana aliweka kanga.

Uzi uwe wa poliesta, mnene. Wa pamba unaozeshwa na jua na jasho. Mwambie mshonaji arefushe hatua ya sindano. Mishono ya karibu karibu inaonekana imara, lakini kwenye reksini inatoboa mstari wa matundu kama stempu, na siku moja inachanika hapohapo. Mishono ya almasi ambayo mdogo wako anaitaka ina maelfu ya matundu hayo, na kila tundu ni njia ya jasho na maji kufika kwenye sponji. Kwa pikapu inayobeba nanasi siikubali, na siikubali kwa sababu nyingine pia: mama yenu amekaa kwenye siti ile miaka karibu 40. Fungua boneti, utaona kibati chenye herufi C/TR. Namba ya kwanza ni rangi ya nje, inayofuata ni ya ndani, jinsi gari lilivyotoka kiwandani. Ukishindwa kuitafsiri, tazama reksini iliyojificha chini ya ukingo wa siti ambako jua halijawahi kufika. Hiyo ndiyo rangi halisi. Ipeleke dukani ukalinganishe.

Dari isubiri mwisho kabisa. Kabini iliyofungwa juani Dar joto lake linapita nyuzi 50, na gundi ya makochi inalainika ikawa kama asali. Iko gundi ya kuvumilia joto, muulize fundi dari wa magari anatumia ipi ukanunue hiyohiyo. Ipake pande zote mbili na uiache ikauke hadi isigande kwenye kidole, ndipo ubandike. Siku ya mvua usiguse kazi hiyo. Vumbi la zamani la dari likwanguliwe lote kwanza. Kitambaa chako hakikudondoka kwa gundi tu, kilibandikwa kwenye vumbi, na vumbi ndilo lililoachia.

Dashibodi, mwisho wa kila ufa toboa kitundu kidogo ili usiendelee kukimbia, kisha jaza kwa gundi ya plastiki inayobaki laini. Puti ya bodi ni ngumu, itapasuka kwenye mashimo ya kwanza. Au ishonee tandiko la kapeti ulitandike juu. Wazee wengi walifanya hivyo na linapendeza.

Ile ndoo ya skrubu imwage juu ya shuka jeupe, uzipange kwa urefu na unene. Ukiona huna hakika ya sehemu fulani weka fupi, kamwe usiweke ndefu. Ndefu inatoboa waya nyuma ya paneli, au inavimbisha bati la mlango kwa nje.

Vuli haisubiri kikao. Leo jioni nunua turubai, ulisimamishe juu ya nguzo nne upepo upite chini yake. Usilifunge gari kwa nailoni hadi chini, litatoa jasho usiku na kutu itasherehekea. Vioo viache wazi kidole kimoja.

Halafu nenda kwa mama. Usimpelekee zawadi wala maelezo marefu. Mwombe ile kanga. Mwambie unataka kuifua kwa mkono, kuianika kivulini, na kuirudisha pale baba alipoiweka, juu ya gunia jipya na chini ya sponji. Akikataa kuitoa, iache iwe yake, na umwombe badala yake aje akuonyeshe alikuwa anakaa wapi, ili umpimie siti.

Jumamosi mwaga maji. Kisha uniandikie gazeti gani limeloa kwanza. Nakisia ni la chini ya mlango.

Fundi wako